MJUMBE HAUAWI: SOMO LA BARABARA YA KIZUKA

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge huliacha Ziwa Tanganyika upande wake wa kulia na milima upande wake wa kushoto. Baina ya maji na milima ipo barabara moja tu ya lami, na kandokando yake michikichi, mihogo, na vibanda vya wauza mawese na samaki. Hapo Kizuka, askari wa zamu hufunga kamba barabarani. Mwenye gari husimama, huonyesha vyeti vyake, hujibu maswali mawili matatu, kisha kamba hulegezwa naye akaendelea na safari.

Tulifika Kizuka asubuhi moja ya kiangazi, katika ziara yetu ya kuwatembelea askari wa jeshi na polisi walio zamu mwambaoni. Tulikuwa bado tunasalimiana na wenyeji wetu yalipotokea magari mawili meupe, la mbele likiwa na bendera ndogo. Kijana mmoja wa polisi alitazama namba za magari, akasimama wima, akapiga saluti, na kamba ikashushwa. Magari yakapita.

Pembeni alikuwa ameketi mzee mmoja muuza ndagala. Alipoona magari yamepotelea kwenye kona, akatuuliza, "Afande, hao wenye bendera kazi yao hasa ni nini? Wamepita hapa tangu nikiwa mtu mzima wa miaka michache, na bado wanapita."

Kabla hatujafungua kinywa, yule kijana alijibu kwa heshima, "Mzee wangu, hao ni wakubwa. Kazi yetu sisi ni kuwafungulia kamba tu."

Mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, wasema hivyo kwa sababu hujui habari za Minago."

Kijana hakuzijua. Alizaliwa mwaka mmoja baada ya habari hizo. Wala si yeye peke yake. Tulipowauliza wenzake, tukaona kwamba wengi waliovaa sare katika miaka hii ya karibuni hawajapata kuambiwa. Ndipo tulipoona kuwa yatupasa kuandika makala hii. Askari anayelinda barabara bila kujua ni nini kilichowahi kupotea juu ya barabara hiyo, analinda nusu tu.

YALIYOTOKEA MINAGO

Minago iko kwenye barabara hii hii ya mwambao, yapata kilomita 50 kusini ya Bujumbura. Tarehe 29 Desemba 2003, Askofu Mkuu Michael Courtney, raia wa Ireland aliyekuwa balozi wa Papa katika Burundi tangu mwaka 2000, alikuwa akirejea Bujumbura kutoka kwenye mazishi ya padri. Gari lake lilipofika Minago likamiminiwa risasi. Balozi alijeruhiwa vibaya, na ingawa alifikishwa hospitalini, alifariki siku hiyo hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 58.

Serikali ya wakati ule iliwatuhumu wapiganaji wa FNL, na FNL wakakana. Hatuandiki hapa ili kuhukumu shauri ambalo mpaka leo halijawaridhisha watu. Twaandika kwa sababu ya mtu aliyeuawa, na kwa sababu ya wakati aliouawa.

Marehemu Courtney alikuwa balozi mkazi, si mjumbe maalumu kwa maana kamili ya neno hilo. Hata hivyo alijulikana nchini kote kwa juhudi zake za kuwasogeza karibu waliokuwa wakipigana. Wiki sita tu kabla ya kifo chake, tarehe 16 Novemba 2003, Serikali ya mpito na CNDD-FDD walikuwa wametia sahihi mjini Dar es Salaam mkataba wa jumla wa kusimamisha vita. Watu wa mwambao walianza kulala majumbani mwao. Kundi moja kubwa, la FNL, lilikuwa limebaki nje ya mkataba. Katika saa kama hiyo, risasi zilizopigwa kwenye gari la balozi zilikuwa zimepigwa pia kwenye neno lenyewe la amani.

Wahenga wetu walisema mjumbe hauawi. Hawakusema hivyo kwa huruma peke yake. Walijua kwamba anayemuua mjumbe huziba njia ambayo yeye mwenyewe, kesho, atahitaji kuipita ili kuomba maji.

MJUMBE MAALUMU NI NANI?

Yafaa tueleze tofauti, kwa kuwa askari wa kizuizini hukutana na watu wa namna nyingi wenye bendera. Balozi hukaa nchini miaka kadhaa, akiiwakilisha nchi yake katika mambo yote: biashara, masomo, uraia, urafiki. Mjumbe maalumu hutumwa kwa jambo moja. Hupewa hati ya uteuzi na Rais, au Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, au Umoja wa Afrika, au jumuiya ya kanda. Hufika, husikiliza, hurudi kwa aliyemtuma, hufika tena. Jambo likiisha, au likishindikana, kazi yake nayo imekwisha.

Sheria za mataifa zinawalinda wote wawili. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unasema mwili wa mwakilishi wa kibalozi haukiukwi: hakamatwi, hafungwi, na nchi iliyompokea inawajibika kuchukua hatua zote zifaazo kumkinga na shambulio. Balozi wa Papa amewekwa katika daraja moja na mabalozi wengine. Mwaka 1969 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba mwingine kuhusu ujumbe maalumu, na mwaka 1973 ukapitisha wa tatu unaohusu kuadhibiwa kwa wanaowashambulia watu wa namna hiyo.

Lakini karatasi haizuii risasi. Mwaka 1948, Count Folke Bernadotte wa Sweden, mpatanishi wa Umoja wa Mataifa katika Palestina, aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake mjini Jerusalem. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, katika nchi inayoitwa leo Zambia, alipokuwa njiani kutafuta kusimamishwa kwa mapigano ya Katanga. Chanzo cha kuanguka kwa ndege hiyo kimechunguzwa tena na tena kwa miaka mingi. Mjumbe hana ngao ila moja, nayo ni nidhamu ya mwenye bunduki anayekutana naye njiani.

USIKU WA TAREHE 6 APRILI 1994

Tulipokuwa wanafunzi katika chuo cha maofisa, tulifundishwa mengi kuhusu kushambulia na kujihami. Habari iliyotukaa zaidi moyoni, hata hivyo, ilikuwa ya usiku mmoja ambao mapigano makubwa hayakutokea.

Rais Melchior Ndadaye alikuwa ameuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na nchi ikatumbukia katika mauaji. Mwezi uliofuata, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Boutros Boutros-Ghali, alimtuma Burundi mwakilishi wake maalumu, Ahmedou Ould-Abdallah, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Mauritania. Hakuja na kikosi cha jeshi. Alikuja na wasaidizi wachache na simu.

Tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowachukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakitoka kwenye mkutano Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Wote wawili walikufa. Nchini Rwanda mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza usiku ule ule. Burundi nayo ilikuwa imepoteza Rais wa pili katika muda wa miezi sita, na kila kitu cha kuwasha moto kilikuwa tayari.

Ould-Abdallah alihangaika usiku ule bila kulala. Jambo alilolitafuta lilikuwa dogo kulitaja: kwamba Spika wa Bunge Sylvestre Ntibantunganya, Waziri wa Ulinzi na Mkuu wa Majeshi waonekane pamoja na kusema kwa sauti moja kupitia vyombo vya habari vya taifa, wakiwataka wananchi na askari watulie, kabla uvumi haujafika vijijini. Wakaonekana, wakasema. Bujumbura haikulipuka usiku ule kama Kigali.

Hatusemi kwamba mjumbe yule alimaliza vita. Vita viliendelea zaidi ya miaka kumi, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 300,000 waliopoteza maisha. Lakini mjumbe aliomba, na wenye amri ya jeshi wakakubali kusema, na askari wa kawaida, kila mmoja penye lindo lake, akakubali kutii. Ingekosekana mojawapo ya nguzo hizo tatu, usiku ungekuwa mwingine.

MWALIMU, MANDELA NA MEZA YA ARUSHA

Mwaka 1996, Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa amestaafu urais wa Tanzania zaidi ya miaka kumi nyuma, alibeba mzigo wa upatanishi wa Burundi. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Julai mwaka huo, marais wa kanda walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Wazee wa mwambao wanaikumbuka miaka hiyo: bidhaa zilizokuwa zikija kwa meli kutoka Kigoma zikaadimika, mafuta yakawa ya magendo, na bei ya sabuni ikapanda. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999.

Wapo waliomshuku Mwalimu, hasa upande wa Serikali ya wakati ule, wakidhani ameegemea upande mmoja. Hilo nalo ni sehemu ya kazi ya mjumbe. Hana budi kukubali kushukiwa na pande zote, na kuendelea kukaa mezani. Mazungumzo ya Arusha yalifunguliwa Juni 1998. Mwalimu akisaidiwa na watu kama Jaji Mark Bomani na Joseph Butiku, aliyagawa magumu katika kamati. Armando Guebuza wa Msumbiji aliongoza kamati iliyochunguza asili ya mgogoro. Nicholas Haysom wa Afrika Kusini aliongoza ile ya demokrasia na utawala bora. Padri Matteo Zuppi wa Italia, wa jumuiya ya Sant'Egidio, alipewa ya amani na usalama, yaani iliyotuhusu sisi wenye sare. Georg Lennkh wa Austria akapewa ya ujenzi mpya na maendeleo. Padri yule leo ni Kardinali, na mwaka 2023 Papa Fransisko alimtuma Kiev na Moscow kwa ajili ya vita vya Ukraine. Huenda baadhi ya subira aliyokwenda nayo huko aliipata Arusha, akiwasikiliza Warundi.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, kazi ikiwa haijakwisha. Mwezi Desemba marais wa kanda wakamkabidhi Nelson Mandela. Namna yake ilikuwa nyingine. Mwalimu alikuwa akisikiliza hadi usiku wa manane. Mandela alikuwa akikemea hadharani, kisha anacheka. Mwaka 2000 alifika Bujumbura, akazungumza na wakuu wa jeshi, na akaingia gereza la Mpimba kuwaona wafungwa. Tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Arusha ukatiwa sahihi mbele yake, Rais Bill Clinton wa Marekani naye akiwapo.

Askari msomaji, itifaki ya tatu ya mkataba ule ndiyo iliyokuzaa wewe katika sura uliyo nayo. Humo iliandikwa kwamba jeshi na polisi viwe vya taifa zima, na kwamba, kwa muda utakaoamuliwa na Seneti, kabila lolote lisizidi asilimia 50 katika jeshi, ili kuwe na mizani na kuzuia mauaji ya kimbari na mapinduzi. Mnamo Oktoba 2001 askari wapatao 700 wa Afrika Kusini waliwasili kuwalinda viongozi waliokuwa wakirudi kutoka uhamishoni. Mwaka 2003 likaja jeshi la Umoja wa Afrika, la Waafrika Kusini, Waethiopia na Wamsumbiji, na tarehe 1 Juni 2004 Umoja wa Mataifa ukapokea kazi hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2004 sheria ikaunda Jeshi la Ulinzi la Taifa, likiwachukua askari wa jeshi la zamani pamoja na wapiganaji waliotoka msituni.

MASAJINI WAWILI

Pale Kizuka tuliwakuta masajini wawili wanaokaribia kustaafu, ambao hupanda boti moja ya doria. Mmoja alikuwa katika jeshi la zamani. Mwenzake alikuwa mpiganaji wa FDD. Novemba 2003, wa kwanza alikuwa lindoni mwambaoni. Wa pili alikuwa milimani juu ya Rumonge, umbali wa mwendo wa miguu wa saa chache. Wote wawili walipata habari za Dar es Salaam kwa redio.

Tuliwauliza walifanya nini siku ile.

"Sikuamini," alisema wa kwanza. "Tulikuwa tumesikia mapatano mengi. Niliendelea kulala na viatu kwa wiki mbili."

Wa pili alifikiri kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa nimebakiwa na risasi sita. Nilizitoa nikazihesabu, nikazirudisha. Kamanda akasema asipige mtu hata kama tutawaona wakipita chini. Na tuliwaona wakipita."

"Huenda ulituona sisi," mwenzake akasema.

"Huenda," akajibu.

Wakacheka wote wawili, nasi tukanyamaza. Tulikuwa tumesoma itifaki tano za Arusha darasani na viambatisho vyake. Lakini hatukuwa tumepata kumwona mtu ambaye amani, kwake yeye, ilikuwa ni risasi sita zilizorudishwa mahali pake kwa sababu ya neno lililosemwa mbali na wazee asiowajua.

MIPAKA YA KAZI YA MJUMBE

Itakuwa ni kuwadanganya wasomaji wetu tukisema kwamba kila mjumbe hufaulu. Historia yetu wenyewe inatufundisha mambo matatu.

La kwanza: mjumbe hawezi kupatanisha walio nje ya chumba. Waliotia sahihi Arusha mwaka 2000 ni Serikali, Bunge na vyama 17 vya siasa. CNDD-FDD na FNL, waliokuwa na bunduki milimani, hawakutia sahihi. Ndiyo maana askari waliendelea kufa baada ya sherehe. Ilihitajika kazi nyingine ya Jacob Zuma wa Afrika Kusini na ya viongozi wa kanda, mpaka kusimamisha mapigano kwa Desemba 2002, mapatano ya Pretoria ya Oktoba na Novemba 2003, na hatimaye Dar es Salaam. Na baada ya hapo ikabaki FNL, ambayo mpatanishi Charles Nqakula, waziri wa Afrika Kusini, alifikisha nayo mkataba tarehe 7 Septemba 2006. Silaha zao ziliwekwa chini Aprili 2009. Kati ya sahihi ya kwanza na bunduki ya mwisho ilipita miaka karibu tisa.

La pili: mjumbe ana nguvu ya yule aliyemtuma, wala hazidi hapo. Mwalimu na Mandela walikuwa na marais wa kanda nzima nyuma yao, wakisema neno moja. Baada ya mgogoro wa mwaka 2015, wajumbe walikuwa wengi: Rais Yoweri Museveni na Rais mstaafu Benjamin Mkapa kwa niaba ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jamal Benomar na baadaye Michel Kafando kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Vikao vilifanyika Entebbe na Arusha. Hatukusudii kufufua mabishano ya wakati ule. Twasema tu kwamba Mzee Mkapa alimaliza kazi yake mwaka 2019 bila pande zote kuketi meza moja na kutia sahihi pamoja. Sifa ya mjumbe, hata iwe kubwa kiasi gani, haitoshi pale ambapo wenyewe hawajaamua.

La tatu: wajumbe wakizidi, njia huwa nyingi, na kila mpiganaji huchagua anayompendeza. Ng'ambo ya ziwa, katika milima ya Kongo ambayo siku isiyo na ukungu huonekana wazi kutoka Kizuka, tumeliona hilo. Rais João Lourenço wa Angola alishughulika Luanda, Rais mstaafu Uhuru Kenyatta akashughulika Nairobi. Goma ilitekwa Januari 2025 na Bukavu Februari, na makumi ya maelfu ya Wakongo wakakimbilia Burundi. Mkutano wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC ulifanyika Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, ukataka njia za Luanda na Nairobi ziunganishwe. Mwaka huo huo kukawa na meza ya Doha na meza ya Washington. Sahihi zilitiwa, na bado milio ya bunduki ikasikika. Anayeishi kando ya ziwa hili hana haja ya kufundishwa kwamba vita vya jirani havina ukuta.

Basi je, kazi hii ni bure? Hata kidogo. Kifo cha balozi kule Minago kingeweza kufunga mlango. Lakini Januari 2004, wiki tatu tu baadaye, Rais Domitien Ndayizeye alikutana na wawakilishi wa FNL nchini Uholanzi, na mazungumzo yakaendelea polepole mpaka yalipofika mwisho wake. Waliokuwa na sababu ya kuacha hawakuacha.

WAJIBU WA MWENYE SARE

Kutokana na hayo, yatupasa tujiulize, sisi tulio kizuizini na lindoni, sehemu yetu ni ipi.

Kwanza, tumlinde mjumbe kabla hajafika tulipo. Habari za safari yake, saa yake na barabara yake ni siri ya kazi. Askari anayempigia rafiki simu kujivunia kwamba "leo anapita mkubwa fulani" amekwisha kumfungulia mlango adui. Mlinzi mwema hufunga kinywa kabla ya kufunga kamba.

Pili, tujue ishara na taratibu: namba za magari ya kibalozi, bendera, vyeti, na jinsi ya kutoa taarifa kwa kizuizi kinachofuata, ili msafara usipotee kati ya lindo na lindo. Ukimya baina ya vizuizi viwili ndio pengo la hatari.

Tatu, kusimamisha mapigano kukitangazwa, tukushike hata pale ambapo tuna mashaka nako. Risasi moja ya usiku, iliyopigwa kwa hofu au kwa hasira, inaweza kuvunja kazi ya miaka mitatu. Yule mpiganaji wa milimani aliyehesabu risasi sita hakupewa nishani, nasi twaona kwamba alistahili.

Nne, na hili husahauliwa sana, mjumbe anatazama. Kabla hajamwona Waziri ameiona kamba yetu. Ameona kama tunamwinamia yeye na kumsukuma muuza samaki, au kama tunawahudumia wote kwa adabu moja. Anayoyaona dirishani huingia katika taarifa yake kwa aliyemtuma. Kwa hiyo askari wa Kizuka, apende asipende, huandika mstari wa kwanza wa taarifa hiyo.

Kazi hii si ngeni kwetu. Tangu Desemba 2007 hadi mwisho wa mwaka 2024, askari wa Burundi walikuwa Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, katika nchi ambayo wajumbe wa mataifa hawakuweza kutembea bila ulinzi. Nchi iliyolindiwa wajumbe wake na Waethiopia na Waafrika Kusini ilikwenda nayo kuwalinda wa wengine.

JIBU LA MZEE

Kabla ya kuondoka tulirudi kwa yule mzee muuza ndagala, kwa maana swali lake lilikuwa halijajibiwa. Tulimweleza kwa kifupi haya tuliyoyaandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwafukuza nzi kwa jani la mchikichi.

Kisha akatusimulia yake. Mwaka 1972, damu ilipomwagika katika mwambao wa kusini, alikuwa mtoto. Baba yake alimpandisha katika mtumbwi usiku, na kulipokucha wakawa upande wa Kigoma. Alikulia Tanzania, akaoa huko. Alirudi baada ya uchaguzi wa mwaka 2005, akakuta michikichi ya baba yake inavunwa na watu wengine, nao wakiwa na watoto waliozaliwa papo hapo, wasiojua kwamba ardhi ile ilikuwa na historia nyingine. Siku ya kupima mpaka, watu wa pande mbili walifika na mapanga.

"Mimi Arusha sikuiona," alisema. "Hao wazee wenye bendera sikuwaona. Nilimwona polisi mmoja. Alisimama katikati ya shamba tangu asubuhi hadi jioni, jua kali, hakumpiga mtu, hakumtukana mtu. Alisema tu, ngojeni tume imalize kupima. Jioni tukapata nusu kwa nusu. Sikufurahi, na yule mwenzangu hakufurahi. Lakini hakuna aliyezikwa."

Mambo ya wakimbizi na ardhi yao yameandikwa katika itifaki ya nne ya Arusha, na tume ya ardhi na mali iliyoundwa mwaka 2006 ilitokana na fikra hiyo. Mzee hakuwa na haja ya kuyajua hayo. Alikuwa ameyaona yakiwa yamevaa sare, yakisimama juani.

Yule kijana wa polisi alikuwa amesogea akisikiliza. Akauliza taratibu, "Mzee, hapo Minago, ilikuwa mahali gani hasa?"

Mzee akamnyooshea mkono upande wa kaskazini, ilikopotelea ile bendera asubuhi, akaanza kumweleza. Kijana hakuondoka mpaka lori la mawese lilipopiga honi na kumwita kwenye kamba yake.

Tunawaomba makamanda wa vikosi vyote, wa jeshi na wa polisi, wawasimulie vijana wao habari hizi kabla ya kuwapeleka barabarani. Mjumbe hauawi. Wahenga walilinena neno hilo, mataifa yakaliandika katika mikataba, lakini anayelitimiza ni askari wa zamu.